Mtutu unabana nyuma na kucheza mbele: jibu kwa seremala wa Magu

*"Shikamoo mzee. Mimi ni seremala wa vitanda na milango hapa Magu. Babu yetu alituachia gobore lake la kuwindia, leseni iko kwa jina lake. Kitako kimeliwa na mchwa kuanzia shingoni, ila mtutu na mtambo ni vizima. Nina gogo la mninga nililolipasua mwaka jana, unene sentimita sita. Kabla ya kuligusa nilifanya mazoezi kwenye kipande cha paini: nikachimba mfereji wa mtutu kwa randa ileile ninayochimbia fremu za milango. Mtutu unabana nyuma, mbele unacheza mpaka penseli inapita pembeni. Mzee mmoja kaniambia niuchome mtutu uwe mwekundu niukandamize kwenye ubao, utajichimbia mahali pake kama tunavyotia jembe mpini. Fundi mwenzangu anasema nijaze gundi ya vichupa viwili nimalize kazi. Nimsikilize nani? Na likikamilika naweza kulipiga?"*

Marahaba, fundi. Wote wawili wamekosea, ingawa huyo wa gundi ana kaukweli kadogo nitakakokataja baadaye. Hilo la kubana nyuma na kucheza mbele lina sababu moja tu, na ukishaijua utaona mkono wako hauna tatizo. Ila kuna mambo mawili yanayotangulia patasi. Moja linaweza kukufunga, lingine linaweza kukuua, kwa hiyo nivumilie niyaseme kwanza.

Leseni ya silaha ni ya mtu aliyepewa, hairithiwi. Babu alipofariki, gobore lilibaki ndani ya nyumba bila mwenye kibali, hata kama karatasi yake bado iko kabatini. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haitofautishi gobore la kuwindia ndege na bunduki nyingine kwa sababu tu ni la zamani. Nenda kituo cha polisi na karatasi ya babu, bila gobore mkononi, uwaeleze hali ilivyo, wakuelekeze liletweje na uombeje leseni kwa jina lako. Usilifunge kwenye kanga ukapanda nalo daladala. Serikali imekuwa ikitangaza mara kwa mara vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, lakini huna haja ya kusubiri tangazo ili uende kueleza jambo la halali.

Jambo hilohilo linagusa ukarabati. Kutengeneza silaha si kazi ya kila mwenye karakana, inataka kibali chake. Kwa hiyo gawa kazi: kukausha mbao, kuchora umbo na kulichonga kwa nje ni kwako nyumbani, maana hapo unashika mbao tu. Kulaza mtutu ndani ya mbao kufanyike kwa fundi wa silaha mwenye leseni, wewe ukiwa na patasi zako, yeye akiwa na chuma chake. Wengi wao mkono wao uko kwenye chuma na mbao huwachosha. Seremala anayejua kunoa hawamfukuzi.

Jambo la pili ni baruti. Magobore mengi ya wazee yalitundikwa ukutani yakiwa yameshindiliwa, tayari kwa nguruwe wa usiku, na mwenyewe akafariki bila kumwambia mtu. Baruti nyeusi ikikaa kavu haichakai kama watu wanavyodhani. Miongo mingi ikipita bado inawaka. Fundi wa silaha ataanza na kipimo hiki, na ukione kikifanyika mbele yako: fataki (kile kikofia cha kuwashia baruti) haipo, mdomo wa mtutu umeelekezwa pasipo na mtu, kijiti kikavu cha mti kinashushwa taratibu ndani mpaka kigote, kinawekewa alama pale mdomoni, kisha kinatolewa na kulazwa nje ya mtutu alama ikiwa mdomoni. Ncha inapaswa kufika karibu na tundu la moto kule nyuma, lile linalopitisha moto kuifikia baruti. Ikiishia vidole viwili au vitatu kabla, kuna kitu ndani. Hapo hakuna kugonga, kuvuta, kutoboa wala kupasha joto. Wewe toka nje umwachie mwenye kazi yake.

Sasa rudi kwa mzee wa mtutu mwekundu. Unaona tayari kwa nini ushauri wake umenitisha. Lakini hata kama mtutu ni mtupu, njia yake haifai. Kuhusu jembe yuko sahihi kabisa: mkia wa jembe la zamani unachomwa, unapenya kwenye rungu la mpini, na kila unapolima ardhi inausukuma uzidi kukaza. Mkaa uliobaki ndani hauna madhara kwa sababu nguvu siku zote inakuja upande mmoja. Gobore likilipuka nguvu inarudi nyuma kwa kishindo, kisha mtutu unatikisika. Mkaa ni laini, unasagika. Baada ya milipuko michache mfereji umekuwa mpana, na mtutu unacheza kuliko ulivyocheza kwenye paini yako. Tena chuma cha mtutu kikipashwa hadi kuwa chekundu, vipande vilivyoshikwa kwa lehemu vinaanguka kabla hujafika huko, kuta nyembamba za mbele zinapinda, na mtutu uliopinda haunyooki kwa nyundo.

Kwa nini basi mtutu wako unabana nyuma na kucheza mbele? Kwa sababu randa ya fremu inachimba upana mmoja mwanzo hadi mwisho, na mtutu wa gobore hauna upana mmoja. Nyuma, panapolipuka baruti, ukuta ni mnene kwa sababu ndipo msukumo ni mkubwa. Kadiri gesi inavyosafiri kwenda mdomoni inapanuka na msukumo unashuka, basi mhunzi akapunguza chuma ili mtu asibebe uzito wa bure. Mtutu wenye milimita 30 nyuma unaweza kuwa na 20 mdomoni. Weka huo kwenye mfereji wa milimita 28 na utapata hicho ulichoniandikia. Mingine ina pande nane nyuma, kisha inageuka kuwa ya duara mbele, na hapo randa haina msaada kabisa.

Pengine utajiuliza kwa nini magobore ya kwetu mengi ni marefu na membamba hivyo, na ndani hayana mistari ya kuzungusha risasi. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana uingizaji wa raifo na silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango wazi kidogo kwa bunduki za gumegume, za kuwashwa kwa jiwe, zisizo na mistari. Nyingi zilikuja kubadilishwa baadaye zitumie fataki. Kama la babu ni la ukoo huo, tegemea ukuta mwembamba mbele, na tegemea kwamba hakuna vipimo viwili vitakavyolingana.

Anza kwa kupima. Chukua kalipa, pima mtutu kila baada ya sentimita tano, andika. Kwenye mgongo wa ubao piga mstari wa kati kwa uzi uliopakwa chaki, na uutazame mara mbili kabla ya kuuamini, maana mtutu, mtambo (chuma chenye nyundo ya kupiga fataki), kifyatulio na hata mdeki (ufito wa kushindilia baruti) vyote vitafuata mstari huo. Kila penye kipimo, weka nusu ya upana kushoto na nusu kulia, kisha unganisha nukta kwa rula ndefu. Utapata mistari miwili inayokaribiana kadiri inavyokwenda mbele. Chimba kwa patasi ya mviringo ndani ya mistari, uache milimita moja kila upande ya kukwangua baadaye. Nyuma kabisa acha milimita tatu au nne za mbao ambazo hujazigusa. Nitakwambia kazi yake.

Kina ni nusu ya mtutu, basi. Ukizidisha, midomo ya mfereji itabidi ijifunike juu ya mtutu, nao hautaingia kwa kushuka. Kama sehemu ni ya duara, una kipimo bure kwenye boksi lako la vifaa: skwea. Ingiza kona ya nje ya skwea ndani ya mfereji, mikono yake miwili ikiegemea midomo miwili ya mbao. Kona ikigusa chini hapohapo, una nusu duara kamili. Ikielea, mfereji umechimbika mno hapo. Ikigusa huku mkono mmoja umeinuka mdomoni, bado kuna mbao ya kutoa. Pitisha skwea hivyo mfereji mzima. Seremala wengi wanakimbilia msasa uliozungushiwa fimbo. Fimbo ina unene mmoja, mtutu hauna, na utarudi kulekule kwenye tatizo la randa. Bora tupa chakavu uliyoinoa ncha iwe ya duara, ukwangue nayo.

Baada ya hapo kinachokuongoza ni masizi. Shika koroboi chini ya bati, kusanya masizi, changanya na tone la mafuta ya kula, upake tumbo la mtutu kwa kidole, jepesi sana mpaka chuma kinaonekana kupitia weusi. Shusha mtutu kwenye mfereji ukiwa umelala sawasawa, mbele na nyuma kwa pamoja, ugonge mara moja kwa nyundo ya mti, kisha uinue wima. Palipoguswa pameachwa alama nyeusi. Kwangua alama, usiguse pasipo na alama. Rudia. Mwanzoni utaona vijidoa vitatu vinne, na mkono utawasha utamani kuchukua patasi kubwa. Usiichukue. Vidoa vinaongezeka, vinatandaa, mwisho mfereji wote unakuwa na madoadoa kama kanga. Ukiona mstari mweusi mrefu kwenye mdomo mmoja tu, usikimbilie kuukwangua: huenda uliinamisha mtutu ulipokuwa ukiushusha. Futa, paka upya, shusha tena. Na ukipaka masizi mazito yataacha alama kila mahali, hata pasipoguswa, nawe utatoa mbao iliyokuwa nzuri.

Sasa ile sehemu ya nyuma, ambayo kwangu ndiyo kazi yenyewe. Watu wanadhani mtutu uliokaa vizuri ni ule ulioshikwa kila upande. Hapana. Mtutu unatakiwa ukae kwa nguvu mahali pamoja tu: pale uso wake wa nyuma unapoegemea mbao. Mlipuko unapotokea mtutu unarudi, na mbao iliyo nyuma yake ndiyo inayobeba. Uso huo ukigusa kote, bapa kwa bapa, nguvu inagawanyika na kitako kinadumu miaka na miaka. Ukigusa kona moja, kona hiyo inasagika, mtutu unapata nafasi ya kukimbia kidogo, na kila mlipuko unakuwa pigo la nyundo.

Ndiyo maana nilikwambia uache milimita tatu nyuma. Mtutu ukishakaa chini vizuri, paka masizi kwenye uso wa nyuma, uusukume kuelekea ukuta huo wa mbao, utazame alama, ukwangue kwa patasi bapa yenye makali ya wembe. Mtutu utakuwa unasogea nyuma unywele kwa unywele. Unaposimama kwenye mstari wako alama ziwe zimejaa ukuta wote. Ukivuka mstari kabla alama hazijajaa, hakuna kurudi.

Nyuma ya kizibo cha mtutu, kile chuma kinachoziba ncha yake ya nyuma, kuna mkia wa chuma unaolala juu ya shingo ya kitako na kushikwa kwa skrubu. Huo ulaze baada ya uso wa nyuma kutulia, na ncha yake isiguse mbao. Acha uwazi wa kadi ya simu. Mkia ukigusa kabla ya mtutu, unakuwa kabari: mlipuko unaupigilia kwenye shingo kwa kufuata mshipa wa mbao. Tazama kitako cha babu kama mchwa hawajakimaliza. Ukiona ufa umeanzia nyuma ya mkia ukateremka shingoni, hiyo ndiyo sababu. Skrubu ya mkia nayo inashika tu, haibebi. Na zile pembe kali chini ya kizibo, mwombe fundi wa silaha azilambe kidogo kwa tupa, maana pembe kali ndani ya mbao ndipo ufa unapopenda kuanzia.

Pembeni, kinyume chake, usibane. Mbao inavimba na kunywea kwa upana wake, na huku ziwani unajua mwenyewe milango inavyogoma masika na kulegea kiangazi. Mtutu uliobanwa pembeni mwezi wa nne utapasua midomo ya mfereji mwezi wa nane, mbao ikinywea. Unapoushusha usihitaji nyundo. Uingie kwa kidole gumba na utoke bila kung'ang'ania.

Gundi basi. Ile ya vichupa viwili ina mahali pake, nao ni huo ukuta wa nyuma, ukiwa umeshachonga vizuri na kumebaki vijishimo vya unene wa karatasi. Tandaza nyembamba, chuma kikiwa kimepakwa nta ya sakafu ili kisishikane nayo, na kila tundu au mfuo chini ya mtutu ukiwa umezibwa kwa udongo wa mfinyanzi. Ukisahau tundu moja, gundi inaingia, inakauka, na mtutu hautoki tena isipokuwa kwa kukivunja kitako. Nafasi ya penseli haijazwi kwa gundi. Mlipuko utaibomoa vipandevipande. Hicho kipande cha paini kimeshafanya kazi yake ya kukufundisha, kipeleke jikoni.

Kuhusu mninga wako, chaguo ni zuri sana. Ni mbao tulivu, hainywei sana, haina uzito wa kukuchosha. Mpingo ungekupa jiwe begani. Ila mwaka mmoja kwa unene wa sentimita sita ni mapema. Kanuni ya mafundi ni kama mwaka kwa kila inchi kwenye kivuli chenye hewa, na sentimita sita ni zaidi ya inchi mbili. Paka rangi nzito au nta kwenye ncha mbili ili zisikauke kabla ya tumbo na kupasuka. Ukitaka uhakika, lipime kwenye mizani ya dukani kila mwisho wa mwezi. Likiacha kupungua uzito, limekauka kwa hewa ya hapo Magu. Halafu chora kitako kwenye katoni, kata, uweke juu ya ubao na kuuzungusha mpaka mishipa ya mbao ipite shingoni kwa urefu, kama mto unavyofuata kingo. Mishipa ikikatisha shingo kimshazari, tafuta ubao mwingine, hata huo ukiwa na rangi ya kuvutia kiasi gani. Na ukikwangua vaa barakoa. Vumbi la mninga linawasumbua wengine kifuani na kwenye ngozi.

Mbele mtutu hushikwa kwa pete za shaba au kwa pini zinazopita kwenye vijisikio vilivyo chini yake. Kama la babu lilikuwa na pete, zitumie, ni rahisi na zinasamehe. Kama ni pini, tundu la kila kijisikio liwe refu kidogo kufuata urefu wa mtutu, ili chuma na mbao visogee kila kimoja kwa wakati wake. Pini iliyobanwa kwenye mtutu mwembamba inaukunja. Kabla ya kufunga kwa mara ya mwisho, paka mafuta ya kitani ndani ya mfereji na kwenye ukuta wa nyuma, siyo nje tu. Wengi wanang'arisha nje na kuacha ndani kukavu, halafu unyevu unaingilia humohumo. Masalia ya baruti nayo yanavuta maji hewani, ndiyo maana mitutu mingi imeoza upande usioonekana.

Swali la mwisho: naweza kulipiga? Siwezi kukwambia ndiyo kwa kuandika, na anayekwambia ndiyo bila kuushika mtutu anacheza na vidole vyako. Kitako kizuri hakiponyi mtutu mbovu. Ndani kunaweza kuwa na mashimo ya kutu, kizibo cha nyuma kinaweza kuwa kimelegea kwenye nyuzi zake, na kama mtutu ulitengenezwa kienyeji kwa bomba, jibu langu ni hapana, liwe kumbukumbu. Fundi wa silaha atafungua kizibo, atazame ndani kwa taa, apime kuta, na ndiye mwenye haki ya kusema. Hata akiruhusu, gobore linakula baruti nyeusi peke yake. Ile ya kisasa isiyotoa moshi, inayotoka kwenye risasi, inalipua mtutu wa aina hii, na kipimo kidogo hakiifanyi kuwa salama. Kuwinda nako kuna kibali chake mbali na leseni ya silaha. Na kama familia inataka tu litundikwe sebuleni, waulize polisi kuhusu kulizima lisiweze kufyatuka tena.

Mtambo na kifyatulio usivichimbie nafasi hata kidogo mpaka mtutu umetulia nyuma, kwa sababu mahali pa mtambo panaamuliwa na tundu la moto, na tundu hilo linasogea kila unapokwangua ule ukuta. Ukifika hapo niandikie umbali kutoka tundu hadi ukingo wa nyuma wa mtutu, pamoja na urefu wa bamba la mtambo, tuendelee.